Karatasi za Nyuma ya Kiti cha Karani

Mlioanza nami mnajua tulipofikia. Kwa aliyeingia leo nitasema kwa ufupi, maana si vizuri mtu kubaki mlangoni.

Kaka yangu aligongwa na lori, miaka mitano inakaribia kutimia. Ilikuwa tarehe kumi na nne. Mfukoni hakuwa na kitambulisho wala simu. Alilala mochwari wiki tatu akiitwa Hajulikani, huku sisi tukimtafuta kwa ndugu na marafiki na kumlaumu kwamba ametutupa. Tulipofika mochwari tukazitambua nguo zake, lakini halmashauri ilikuwa imeshamzika pamoja na wengine wasio na wenyewe.

Upande ule wa makaburi hauna majina. Una vipande vya bati vyenye namba, sitini na kitu. Namba ipi ni ya nani, tuliambiwa hilo limeandikwa kwenye kitabu kimoja tu, na kitabu kiko masijala ya halmashauri.

Miaka minne mama ameomba hiyo namba. Si kitu kingine, namba tu. Akienda makaburini huanza bati la kwanza mpaka la mwisho, anasalimia. Akirudi huniambia, "Nimewaamkia watoto wa watu wote. Wangu sijui kama alisikia."

Na mimi ndiye mfagiaji wa masijala hiyo. Ofisi nzima hakuna anayejua kwamba yule mama anayekuja na barua kila Jumatano, siku ya wananchi, ni mama yangu. Mwenyewe ndiye aliyepanga. Alisema pale ndani hatujuani, wasije wakanifukuza kwa ajili ya maneno yake.

Wiki iliyopita niliwaacha na mama akicheza uani. Rufaa yake ilikuwa imekubaliwa. Mkurugenzi alikuwa ameandika kwamba taarifa ile ni haki yake, na karani ampe Jumatano ifuatayo.

Sasa nawaambia nilichofanya Jumanne.

Kila ofisi ina sheria zake ambazo hazijaandikwa. Yetu ni hii: cha mezani ni cha serikali, cha chini ni cha ufagio. Nilifundishwa siku ya kwanza. Karatasi ikiwa mezani, hata kama ina madoa ya chai na imekaa mwaka mzima, usiiguse. Ikiwa chini, hata kama ina mhuri, itoe. Kwa sheria hiyo nimefanya kazi miaka miwili sijawahi kuulizwa neno.

Mimi huingia saa kumi na mbili asubuhi, kabla mtu hajafika. Wengine hudhani ni bidii. Ni haya tu. Sipendi kupita na ndoo katikati ya watu wamekaa.

Jumanne ile nilikuta karatasi nyuma ya kiti cha karani. Zilikuwa nyingi, zimetandazwa sakafuni mpaka dirishani. Zilikuwa za zamani, zimeliwa na mchwa pembeni, nyingine zina unyevu na harufu kali ya dawa. Juu yake kulikuwa na rula.

Nikaona rula imeanguka. Nikaiokota, nikaifuta vizuri kwa kitambaa, nikairudisha mezani mahali pake.

Halafu nikazifagia karatasi.

Mtaniuliza, hukuzisoma? Mimi nilikomea darasa la nne, lakini kusoma najua, taratibu, kwa kidole. Sikuzisoma. Zamani nilikuwa nasoma vile vikaratasi vya ubao wa matangazo, nikisubiri sakafu ikauke. Siku moja dada wa mapokezi akaniona midomo inacheza. Akaita wenzake waje waone, mfagiaji anakagua kazi za serikali, kesho ataomba kiti cha mkurugenzi. Walicheka vizuri tu, hawakuwa na ubaya. Lakini tangu siku hiyo, karatasi ya ofisi nikiiona huangalia pembeni, kama mtu aliyefungua mlango akakuta wenyewe wanavaa.

Zilizokuwa mbichi nikazipeleka kwenye pipa la nyuma, nikazimwagia mafuta ya taa, zikaungua. Zilizokuwa kavu nikakunja fungu moja nikalitia kwenye mkoba. Hilo nalo ni kawaida yangu. Karatasi za ofisi huwa tunawashia jiko nyumbani.

Mchana mama aliwasha jiko akiwa na furaha sijamwona nayo tangu msiba. Kesho yake ndiyo ilikuwa Jumatano. Alikuwa ameshafua kanga zake nzuri. Akasokota karatasi moja, akaichomeka chini ya mkaa, ikashika mara moja.

"Karatasi za serikali zinawaka," akasema, "maneno yao ndiyo mabichi."

Tulicheka wote wawili. Nami nikampa nyingine.

Karani wetu wanamwita Njoo Kesho, na jina analijua. Ni mtu wa makamo, mpole, koti lake lina chaki mabegani ingawa hajafundisha tangu ujana. Jumanne hakuwapo. Alikuwa semina, wanafundishwa kutunza kumbukumbu.

Jumatano alifika mapema kuliko siku zote. Mimi nilikuwa bado napiga deki korido. Nilimsikia anasogeza kiti, kisha kimya. Kisha anasogeza meza. Kisha akaniita, sauti ya chini, kama anayeita ndani ya nyumba yenye mgonjwa.

Akaniuliza zile karatasi za nyuma ya kiti niliziweka wapi.

Nikamwambia zilikuwa chini.

Akasema anajua zilikuwa chini. Makabati yalipigwa dawa ya mchwa, kitabu kikalowa, ikabidi akifumue na kukianika. Ndiyo maana akaweka rula juu, nijue kuna mtu amezitandaza.

Nikaiangalia ile rula. Ilikuwa mezani, inang'aa.

"Kilikuwa kitabu gani?" Nilisikia sauti yangu inauliza.

"Cha maziko. Cha wasio na wenyewe. Nimekitafuta wiki nzima kwa ajili ya yule Mama Barua." Akakaa. Akavua miwani. "Na leo ndiyo yuko nje."

Alikuwa nje kweli. Kupitia upenyo wa mlango nilimwona kwenye benchi, kanga zake zimenyooshwa, mkoba mapajani, miguu imeshikana kama mtoto siku ya kwanza ya shule. Aliponiona akatazama ukutani. Hatujuani.



Karani akatoka kumwambia kitabu bado kinatengenezwa, arudi Ijumaa. Nilimsikia mama akijibu kwamba ameshazoea, mtu ambaye mwanawe amelala miaka mitano hawezi kukasirikia siku mbili. Dada wa mapokezi akamtania kwamba Ijumaa avae hizohizo, zimempendeza. Mama akacheka, akaondoka.

Karani akarudi, akafunga mlango. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Akasema tuna njia mbili, na ya kwanza ni nyepesi. Paa linavuja, kila mtu anajua. Tutaandika kwamba kitabu kiliharibiwa na mvua. Mvua haina cheo wala mshahara, haifukuzwi kazi. Yule mama atalia, atapewa pole, na jambo litakwisha.

Nikasimama pale na ufagio. Miaka miwili sikuwahi kumuuliza mtu yeyote swali ofisini zaidi ya funguo ziko wapi. Siku hiyo nikauliza la pili.

"Na tukisema ukweli?"

Akaeleza taratibu, kama mwalimu. Kikiharibiwa na mvua, ofisi haidaiwi chochote. Lakini ofisi ikikubali kwamba imekiharibu yenyewe, sheria inaibana iitafute ile taarifa kokote nakala yake iliko. Na nakala iko mochwari. Kila maiti waliyoikabidhi waliiandikia kikaratasi, mavazi, alama mwilini, namba ya kaburi. Vikaratasi hivyo hutunzwa miaka mitano, kisha vinatupwa. Vya mwaka ule vinatupwa mwisho wa mwezi huu. Bila barua ya mkurugenzi, mochwari hawafungui sanduku hata kwa kulia damu.

"Lakini barua hiyo lazima itaje nani alichoma," akasema. "Na wewe kazi hii huna tena. Basi fikiri, binti. Usinijibu leo."

Nilikimbia nyumbani kabla ya saa sita. Mama hakuwapo, alikuwa amepitia sokoni. Nikainua kikapu cha mkaa, pale tunapohifadhi karatasi.

Ilikuwa imebaki moja.

Nikaketi chini, nikaweka kidole. Mwanamke, mtu mzima, gauni la maua, hajulikani, namba thelathini na moja. Mwanamume, mzee, hana viatu, hajulikani, thelathini na mbili. Kichanga. Baada ya kichanga hakukuandikwa kitu, namba tu. Nikateremka hivyo mstari kwa mstari, jasho linanitoka, mpaka chini kabisa. Mtu wa mwisho aliokotwa tarehe kumi na mbili.

Tarehe kumi na nne ilikuwa ukurasa unaofuata.

Nikageuza upande wa pili, mtupu. Nikapekua kikapu mpaka chini, nikatoa mkaa kipande kwa kipande, mikono ikawa myeusi tii.

"Unatafuta nini humo kama kuku?"

Mama alikuwa mlangoni na vitunguu. Nikasema natafuta karatasi za kuwashia.

"Zile si zimekwisha jana. Zilikuwa kavu kweli zile, umletee nyingine mama yako." Akaweka vitunguu chini, akaona niliyoishika. "Lete basi hiyo, moto wa asubuhi umeshakufa."

Nikasema ni mbichi.

"Si mbichi, naiona."

"Ni mbichi, mama."

Sijawahi kumbishia mama. Akanitazama, akaniwekea kiganja kwenye paji la uso kuona kama nina homa. Kisha akachukua majani makavu ya uani akawashia hayo, akiimba kidogo kidogo. Alikuwa anapanga. Alisema akishajua namba, hataomba kitu tena kwa mtu. Atabeba kigoda chake, akae pale siku nzima, amwambie mwanawe habari zote za miaka mitano bila kuchanganya na watoto wa wengine.

Nilitaka kumwambia. Mficha uchi hazai, nami najua. Lakini nifungulie wapi? Ningesema, mama, kitabu nimekichoma? Angelia, angenisamehe, ndivyo alivyo. Lakini lile jingine, la karatasi aliyoisokota kwa mkono wake huku anacheka, hilo nimwambie nani? Nawaambia nyinyi.

Alhamisi nikaenda kwa karani.

"Andika ukweli," nikamwambia.

Akasema maelezo lazima yawe ya mkono wangu mwenyewe. Akanipa kalamu, akanipa na kiti. Sijawahi kukaa kwenye kiti cha ofisi ile. Nimevifuta vyote, sijakaa hata kimoja.

Niliandika muda mrefu. Mistari minne tu. Kwamba mimi ni mfagiaji, kwamba karatasi zilikuwa chini, kwamba nilizichoma Jumanne, kwamba sikujua ni za nini. Nikamkabidhi na ule ukurasa mmoja uliobaki.

Hakuuliza umetoka wapi. Alikuwa anatazama maelezo yangu. Akayasogeza karibu na dirisha. Kisha akainuka, akafungua kabati, akatoa faili nene, akalifungua mezani, akaweka mistari yangu kando ya barua ya juu kabisa.

Ni mimi niliyeziandika zote, barua za mama. Yeye husema, mimi naandika, uani, ubao wa kukatia mboga ndio meza. Herufi zangu ni kubwa na zimelala kushoto. Hazifanani na za mtu mwingine.

"Huyu ni nani wako?"

"Ni mama."

"Na marehemu?"

"Kaka yangu. Mimi namfuata."

Nje dada wa mapokezi alikuwa anacheka na mtu kwenye simu. Karani akafumba faili, akalifunua tena, kana kwamba barua zingekuwa zimebadilika.

"Miaka miwili," akasema. "Unapita hapa na ndoo. Kwa nini hukuniambia? Ningekutafutia siku moja tu, binti. Siku moja."

Mimi si msemaji. Nikitaka kusema, maneno hunikwama, baadaye ndiyo huja mazuri nikiwa peke yangu. Siku hiyo yalikuja palepale.

"Mama alikuambia," nikasema. "Kila Jumatano."

Alivua miwani akaifuta kwa tai, muda mrefu, ingawa haikuwa na kitu. Akachukua karatasi safi, akaanza kuandika barua, na nilipofika mlangoni akaniambia bila kuinua kichwa kwamba Ijumaa nisije. Mama yangu ataelezwa na yeye mwenyewe, amketishe ndani, amweleze kama mtu. Nimwachie hilo.

Nilipaswa kumsikiliza.

Ijumaa sikuweza kukaa nyumbani. Mama alipokuwa anajifunga kanga zilezile, nilitangulia. Nilijiambia nakwenda kurudisha funguo na koti la kazi. Nilitaka kuwa karibu tu, nyuma ya mlango, atakapoambiwa.

Nikakuta masijala imefungwa. Mkurugenzi alikuwa amemwita karani tangu saa mbili, walikuwa ndani na mlango umefungwa, na sauti iliyosikika ilikuwa ya mkurugenzi peke yake. Barua ilikuwa mapokezi, imeshapigwa mhuri.

Mama akaingia saa tatu kamili. Akasalimia, akaulizia. Dada wa mapokezi akampa bahasha kwa mikono miwili, akasema haya, Mama Barua, leo na wewe umeandikiwa.

Mama akaifungua pole pole asiichane. Akaitazama. Akaigeuza.

Akasema macho yake hayaoni vizuri maandishi madogo. Ndivyo husema siku zote. Akaomba asomewe.

Dada wa mapokezi alikuwa na simu sikioni. Akatafuta kwa macho, akaniona nimesimama na koti langu mkononi kando ya ubao wa matangazo.

"Msomee wewe," akaniambia. "Si wewe ndiye mkaguzi wetu."

Ningeweza kukataa. Ningeweza kusema sijui. Wangecheka na ingeisha.

Mama akanitazama kama anavyowatazama wageni, kwa adabu. Akaninyooshea barua. "Nisomee, binti," akasema. "Soma taratibu, sina haraka."

Nikaweka kidole.

Nikasoma kwamba halmashauri imepokea ombi lake na inatambua haki yake. Mama akaitikia kwa kichwa. Nikasoma kwamba halmashauri inasikitika. Kichwa kikaacha kuitikia.

Nikasoma kwamba kitabu cha maziko cha mwaka ule hakipo tena. Kwamba hakikuharibiwa na mvua wala mchwa. Sauti yangu ilikuwa inapungua, mama akainama kuifuata.

"Kilichomwa moto kwa makosa," nikasoma, "na mfagiaji wa ofisi hii, ambaye amekiri kwa maandishi."

Bado kulikuwa na mistari mitatu. Ilikuwa ya mochwari, ile ya nakala, ile yote niliyoifanyia haya. Kidole changu kilikuwa hapo, lakini mdomo haukwenda.

Dada wa mapokezi alikuwa ameshusha simu.

"Rudia hapo," mama akasema.

Nikarudia. Neno kwa neno, mpaka kwenye maandishi.

Mama hakulia. Alichukua mkono wangu, ule wenye kidole juu ya karatasi, akaugeuza kiganja juu. Akauliza chini chini, si kama anavyoulizwa mgeni.

"Kilichomwa wapi?"

Barua haikusema.